Kiwanda kinamwaga uchafu mtaani kwenu? Hivi ndivyo unatumia sheria Kenya, kuanzia picha ya simu mpaka amri ya korti

Watu wengi wakiona maji ya mto yamebadilika rangi ama moshi unaingia mpaka chumba cha kulala, kitu ya kwanza ni kutoa simu, kurekodi video na kuirusha mtandaoni. Sio mbaya, saa zingine hiyo video ndio inaamsha mtu ofisini. Lakini video bila karatasi nyuma yake inasahaulika kwa wiki moja na wenye kiwanda wanajua hivyo, wanangoja tu kelele ziishe. Kitu chenye wanaogopa ni barua iliyo na muhuri wa kupokelewa, ripoti ya maabara, na mtu anayejua ni mlango gani wa kubisha kwanza. Hapa naongea kuhusu Kenya peke yake manake kila nchi iko na sheria zake, ukiwa ng'ambo ya mpaka usitumie hii vile ilivyo.

Kwanza haki yenyewe imetoka wapi. Katiba ya 2010, Ibara ya 42, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Halafu Ibara ya 70 ndio iko na meno: ukiona hiyo haki imevunjwa, inavunjwa ama inatishiwa unaweza kwenda kortini, na korti inaweza kusimamisha kile kitendo, inaweza kulazimisha afisa wa serikali afanye kazi yake, na inaweza kuamuru walioumia walipwe fidia. Soma pia kifungu cha 3 cha hiyo Ibara ya 70, wengi wanakiruka. Kinasema huyo anayeenda kortini hahitaji kuonyesha kwamba kuna mtu amepata hasara ama ameumia.

Kwa nini hiyo ni kubwa? Mwaka wa 1989 Wangari Maathai alienda kortini kuzuia jengo la ghorofa 60 kujengwa pale Uhuru Park, na korti ikatupa kesi yake nje ikisema hakuonyesha hilo jambo linamhusu vipi yeye binafsi. Yaani bustani ni ya umma lakini mtu wa umma hana ruhusa ya kuitetea! Huo ukuta ulianza kubomolewa na EMCA, ile sheria ya mazingira ya 1999, na Katiba ikaja kuumalizia. Kwa hivyo leo wakili wa kampuni akisimama kuuliza "huyu anaishi wapi na hii inamhusu nini", jibu liko tayari kwa Katiba.

Sasa twende kazi.

Jua kwanza ni uchafu wa aina gani, manake ofisi ni tofauti

Hapa watu wanapoteza miezi wakizungushwa kutoka ofisi hii mpaka ile. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti mambo ya takataka, madampo, kelele, uchafuzi wa hewa na kero zingine za umma. Kwa hivyo kama shida ni takataka zimerundikwa kando ya barabara ama choo cha ploti kinafurika, anza na afisa wa afya ya umma wa kaunti, huyo ako na nguvu chini ya Sheria ya Afya ya Umma ya kumpa mwenye ploti notisi aondoe hiyo kero na akikataa anapelekwa kwa hakimu. Hii njia ni ya zamani na watu wanaidharau lakini kwa mambo madogo ya mtaa huwa ndio ya haraka zaidi.

Kelele nazo ziko na kanuni zake za 2009. Mtaa wa makazi, ukipima nje, mwisho ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku kisheria unaanza saa mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Ndio, hiyo inagusa baa na inagusa kanisa pia, spika ni spika.

Kiwanda, maji taka ya kemikali, moshi wa viwanda, hizo ni za NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Na kama uchafu unaingia kwa mto, kisima ama ziwa, nakala ya barua iende pia kwa WRA, wale wa rasilimali za maji, manake wao ndio wanatoa vibali vya kuchukua maji na wanaangalia hali ya mito. Kama eneo lenu lina chama cha watumiaji maji, WRUA, wahusishe mapema, hao watu wanaujua mto kona kwa kona na mara nyingi wako na rekodi za miaka.

Ukiwa hujui kabisa ni ya nani, andikia NEMA na kaunti barua moja yenye majina yao wote wawili juu. Hakuna mtu atasema "si kwetu" kama mwenzake ameona ameandikiwa.

Ushahidi, na hapa usiharakishe

Kesi nyingi za mazingira hazianguki juu ya sheria, zinaanguka juu ya ushahidi. Kila mtu mtaani anajua ni kiwanda kile, lakini korti haiishi mtaani kwenu.

Anza na daftari. Tarehe, saa, nini kilionekana, kilinukaje, upepo ulikuwa unaelekea wapi, nani mwingine aliona. Inaonekana ni kazi ya kijinga mpaka siku utasimama kizimbani uulizwe "ilikuwa lini?" na uko na miezi sita imeandikwa siku kwa siku huku wao wako na "sisi hufuata sheria". Mkiwa watu watatu ama wanne kila mmoja na daftari yake mkiishi pande tofauti za kiwanda ni bora zaidi kuliko mtu mmoja na daftari ya kurasa mia.

Picha na video: piga, lakini usiedit, usiweke filta, na usitegemee ile iliyopita kwa grupu kumi za WhatsApp manake hio hata tarehe yake haijulikani. Weka ile ya asili kwa simu iliyoipiga na uitunze hiyo simu. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uje na cheti kinachoeleza umetoka kwa kifaa gani na umetolewa vipi, sasa kama video yako nzuri kabisa ilipigwa na mtu usiyemjua wakili wa upande ule ataipinga dakika ya kwanza. Aliyepiga ndiye aandike kiapo na ndiye atoe cheti. Simple.

Halafu maabara. Kuchota maji kwa chupa ya soda na kupeleka kwa rafiki anayefanya kazi maabara ya shule, hapana. EMCA inatambua maabara zilizoteuliwa rasmi, na cheti cha uchambuzi kutoka huko kina uzito wake kortini. Uliza NEMA orodha ya maabara zilizoidhinishwa. Ukienda kuchukua sampuli chukua mahali pawili, juu ya kiwanda na chini ya kiwanda, manake sampuli ya chini peke yake inaonyesha tu mto ni mchafu na watasema uchafu ulitoka huko juu kwa wakulima. Andika nani alichota, saa ngapi, nani alibeba, nani alipokea. Kama sampuli ilikaa kwa boda siku mbili, hata usijisumbue kuipeleka. Pesa za kupima zinauma, najua, kwa hivyo mchangie ama muulize shirika, lakini kama mnaweza kulipia kitu kimoja tu kwa hii safari yote basi lipieni hiki.

Hospitali: kila aliyeugua aende, apate karatasi yenye jina lake na tarehe. Kila mmoja. Usiseme "sisi wote tunakohoa". Fidia ndio mahali kampuni hupigana sana, na kiasi hakitolewi kwa huruma.

Karatasi zao ndio silaha yako

Hii sehemu ndio napenda zaidi na ndio watu hawaitumii kabisa. Kampuni ya aina hiyo inatakiwa kuwa na lisensi ya tathmini ya athari za mazingira, ina lisensi ya kumwaga maji machafu kama inayamwaga, na kila mwaka inatakiwa kupeleka ripoti ya ukaguzi wa mazingira kwa NEMA. Hizo lisensi zinakuja na masharti. Mtajenga mtambo wa kusafisha maji taka, mtapima moshi, mtafanya hivi na vile. Mara nyingi masharti hayo ni mazuri kuliko kitu chochote wewe ungeomba kortini, na kampuni iliyasaini halafu ikayafungia kwa droo.

Unayapata vipi? Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Andika barua kwa NEMA, sema wewe ni raia wa Kenya, unaomba nakala ya lisensi ya mazingira ya kampuni fulani iliyoko mahali fulani, masharti yake, lisensi ya kumwaga maji taka, ripoti za ukaguzi za miaka mitatu iliyopita, na ripoti za wakaguzi wa NEMA waliotembelea hapo. Huhitaji kueleza kwa nini unataka. Wana siku 21 za kujibu, na kama habari inahusu uhai ama uhuru wa mtu wanatakiwa kujibu ndani ya saa 48. Kuomba ni bure, utalipa gharama ya kutoa kopi tu. Wakinyamaza siku zikaisha, sheria inahesabu hiyo kama wamekukatalia, na hapo unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita ofisi ya Ombudsman, ukiomba wapitie huo uamuzi. Una siku 30, usizikalie.

Na watu wengi hawajui hii: hiyo sheria haigusi serikali peke yake. Kampuni binafsi iliyo na habari muhimu kwa umma kuhusu mazingira ama afya nayo inaweza kuombwa. Watakataa, bila shaka. Lakini barua yao ya kukataa nayo unaitia kwa faili.

Ukipata masharti, kaa chini uweke mstari chini ya kila moja ambalo halijafuatwa na uandike kando ushahidi wako ni gani. Hapo umeshafanya nusu ya kazi ya wakili.

Barua ya malalamiko

Usiandike hasira. Andika: sisi ni wakazi wa mahali fulani, kampuni fulani imekuwa ikifanya hivi tangu tarehe fulani, hii ni kinyume na sharti la tatu la lisensi yao na kinyume na Ibara ya 42, tumeambatisha picha, matokeo ya maabara na karatasi za hospitali, tunaomba mfanye ukaguzi na mtoe amri, na mtujibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Hizo siku 14 hazijaandikwa kwa sheria, ni wewe tu unawawekea, lakini zinasaidia baadaye ukisema walipewa nafasi. Peleka mbili, moja wanabaki nayo, moja wagonge muhuri urudi nayo nyumbani. Barua pepe pia sawa, lakini ule muhuri, aki, utunze kama title deed.

NEMA iko na nguvu zaidi ya vile watu wanafikiri. Inaweza kutoa amri ya kurejesha mazingira, yaani mchafuzi aache, asafishe na arudishe mahali vile palikuwa. Inaweza kusimamisha ama kufuta lisensi, na inaweza kushtaki. Shida huwa kuamka.

Isipoamka, kuna NECC, kamati ya malalamiko ya mazingira. Hii imewekwa na EMCA yenyewe na kazi yake ni kuchunguza malalamiko dhidi ya mtu yeyote na pia dhidi ya NEMA. Nimerudia makusudi, dhidi ya NEMA. Haina nguvu ya kutoa hukumu kama korti lakini ripoti yake ni ushahidi wa mtu wa tatu asiye jirani yako wala si mfanyakazi wa kiwanda.

Neno moja kuhusu usalama. Phyllis Omido, yule mama aliyeanzisha vita dhidi ya kiwanda kilichochafua mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa, alikamatwa 2012 akiongoza maandamano, na baadaye korti ikamwachilia. Usiende peke yako, usiwe jina moja kwa kila barua. Wakazi ishirini wakisaini ni ngumu kumtisha mtu mmoja. Na ndio, kuna majirani watakuambia unataka kufunga kiwanda watu wakose kazi. Wasikize vizuri, wengine wao ndio wanafanya kazi ndani na ndio wanajua bomba la usiku liko wapi.

Mlango gani: NET, ELC ama hakimu?

Hapa ndio kesi nzuri hufia, kwa hivyo soma pole pole.

NET ni tribunali ya mazingira. Inasikiza rufaa juu ya maamuzi ya NEMA, hasa lisensi: imetolewa vibaya, imekataliwa, masharti hayafai. Una siku 60 tangu lile jambo litokee. Usitegemee kuhesabu tangu siku wewe ulijua, wala tangu siku tingatinga lilikuja. Ukipitisha umejifungia nje, ndio maana nasema omba hizo karatasi mapema. Ukishindwa NET unaenda ELC ndani ya siku 30.

ELC ni korti ya mazingira na ardhi, ina cheo sawa na Mahakama Kuu, na ndio unapeleka ombi la kikatiba chini ya Ibara ya 70. Hakimu naye, akiwa amechapishwa kwa gazeti rasmi kusikiza kesi za mazingira na ardhi, anaweza kusikiza madai ya kawaida yasiyozidi kiwango chake, na kwa hakimu mkuu hicho kiwango ni milioni 20. Kama jirani ameharibu kisima chako na unataka akulipe, huko kwa hakimu kunatosha na ni karibu.

Sasa mtego. Kule Kisumu wakazi waliokaa karibu na viwanda vya Kibos walienda ELC moja kwa moja, wakashinda 2019 na lisensi zikafutwa. Furaha! Halafu Mahakama ya Rufaa ikasema hapana, mambo ya lisensi yalipaswa kuanzia kwa vyombo vilivyowekwa na EMCA, ELC haikuwa na mamlaka ya kuanza nayo. Mahakama ya Juu 2020 ikasema ELC ingeweka kando zile hoja za Katiba zingoje, hayo mengine yapelekwe tribunali kwanza. Fikiria wewe ni mkazi wa hapo, miaka imeenda, na bado hamjaongea kuhusu uchafu wenyewe, mnaongea kuhusu mlango.

Baada ya hapo kampuni zote zikajua wimbo: ukishtakiwa ELC, simama useme "hawa walipaswa kwenda NET". Ilikuwa inafanya kazi sana mpaka Desemba 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi nyingine na kusema mtu anayedai haki yake ya mazingira safi imevunjwa anaweza kwenda ELC, manake NECC na NET hazina tiba ya kutosha kwa uvunjaji wa Katiba.

Kwa hivyo kivitendo inakuwa hivi. Kama kilio chako ni lisensi, na uko ndani ya siku 60, enda NET, usijifanye mjanja. Kama kilio chako ni watu wanaugua, mto umekufa, NEMA imelala, andika ombi la Ibara ya 42 na 70 uende ELC, na uliandike hivyo kweli, usijaze kurasa ishirini za kulaumu lisensi halafu mwisho ukatupia Ibara ya 42 kama chumvi. Majaji wanaangalia kiini cha kesi. Hii ndio sehemu ambayo hata kama mengine yote mmejifanyia, tafuteni wakili aangalie. Kituo cha Sheria husaidia wasiojiweza, na kuna huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoanzishwa na sheria ya 2016. Hukumu zenyewe zote ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law, zitafute kwa jina la kiwanda ama la mto, soma kesi inayofanana na yenu uone majaji waliuliza nini.

Kama mradi bado haujaanza

Hii ni rahisi zaidi na watu huilalia. Kabla ya mradi mkubwa kupewa lisensi lazima tangazo litoke kwa gazeti la serikali na gazeti la kawaida, na mwenye mradi anatakiwa kufanya mikutano na watu watakaoguswa awaeleze, awasikize, na maoni yao yaandikwe. Enda. Ongea, na pia peleka maoni kwa maandishi manake ya mdomo huwa yanapotea kwa kumbukumbu za mkutano kwa njia za ajabu. Sainini orodha ya waliohudhuria lakini piga picha hiyo orodha kwanza, kuna ripoti za tathmini zina majina ya watu waliokunywa tu soda na kuondoka.

Lamu ndio mfano. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe ulikuwa umeshapata lisensi ya NEMA. Wakazi chini ya Save Lamu wakaenda NET, na tarehe 26 Juni 2019 tribunali ikafuta hiyo lisensi, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa, hasa baada ya ripoti kamili ya tathmini kutoka. Hakuna mtu alikuwa ameugua bado. Hakuna hata moshi. Ni utaratibu hasa uliwaangusha wenye mradi, na walikuwa na pesa.

Ukifika ELC

Ombi la kikatiba linafuata zile kanuni za 2013 watu huita Kanuni za Mutunga. Zinaruhusu hata barua ya kawaida ipokelewe kama ombi, na asiyejua kuandika anaweza kueleza kwa mdomo korti iandike. Katiba nayo, Ibara ya 22, inasema kusiwe na ada ya kufungua kesi kama hizo. Nasema hivyo ujue mlango uko wazi, sio kwamba uende na karatasi moja ya daftari. Ombi zuri lina majina ya wote, haki gani imevunjwa, kivipi, na nani, na unataka korti ifanye nini hasa, halafu viapo na ushahidi nyuma. Siku hizi unafungua kwa mtandao kwa mfumo wa mahakama.

Nani ashtakiwe? Kampuni, sawa. Lakini pia aliyetakiwa kuizuia. Owino Uhuru inafundisha hapa. Pale kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi (lead, sio risasi ya bunduki) kutoka kwa betri za zamani, katikati ya watu kama elfu tatu, watoto wakapatikana na risasi kwa damu. Wakazi walifungua kesi 2016 na hawakushtaki kiwanda peke yake, walishtaki NEMA na ofisi zingine za serikali zilizoruhusu. Julai 2020 ELC Mombasa ikawapa shilingi bilioni 1.3, na NEMA ikiwa kati ya walioambiwa walipe. Mahakama ya Rufaa 2023 ikatengua hayo malipo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarudisha. Miaka minane ya kortini, na kiwanda kilikuwa kimeshafungwa tangu 2014. Kama wangeshtaki kampuni tu, wangebaki na hukumu nzuri dhidi ya geti lililofungwa na kutu.

Pamoja na kesi kuu omba amri za muda za kusimamisha uchafuzi kesi ikiendelea. Bila hizo mtakaa miaka mkivuta moshi ule ule mkingoja tarehe. Hapa jenga juu ya kanuni ya tahadhari ambayo iko ndani ya EMCA: kukosa uhakika kamili wa sayansi sio sababu ya kungoja madhara makubwa yatokee. Na ombi lenu liwe na vipimo, "kampuni izuiwe kumwaga maji taka kwa mto fulani mpaka mtambo wa kusafisha ukaguliwe", sio "korti itoe haki".

Tarehe tena, samahani kwa kurudia. Kama unadai fidia kwa njia ya kawaida, yaani kero ama uzembe, una miaka mitatu. Kama unayemdai ni serikali kwa njia hiyo hiyo, ni miezi 12 tu. Ombi la kikatiba halina hiyo kamba lakini ukichelewa miaka bila sababu jaji atakuuliza ulikuwa wapi.

Gharama: ukishindwa unaweza kuambiwa ulipe za upande ule. Kwa kesi za maslahi ya umma majaji mara nyingi husema kila mtu abebe zake, na kanuni zinataka gharama zisizuie watu kufika kortini, lakini ni hiari ya jaji, sio ahadi. Ukija na kesi ya kusingizia mshindani wa biashara yako utalipa na utastahili.

Kampuni ikianza kuita watu mmoja mmoja kuwapa pesa, msikubali nje ya korti. Kuna upatanishi unaosimamiwa na mahakama, tumieni huo, na chochote mtakachokubaliana kiandikwe kiwe amri ya korti, pamoja na usafishaji wa mahali na sio pesa tu. Pesa ya mtu inaisha, risasi kwa udongo haiishi.

Mmeshinda, halafu?

Halafu ndio kazi inaanza upya, manake kuna kampuni na kaunti zinapokea hukumu na kuendelea kana kwamba ni kalenda ya mwaka jana. Chukua amri iliyochapwa na kutiwa muhuri, uipeleke kwa kila aliyetajwa na uweke ushahidi wa kwamba ameipokea, kiapo cha aliyeipeleka kinatosha. Wakati wa kuomba amri omba pia walioshindwa walete ripoti kortini kila baada ya muda fulani, jaji akikubali inakuwa wao ndio wanaitwa kueleza badala ya nyinyi kukimbia nyuma yao. Endeleeni na yale madaftari na kila miezi kadhaa pimeni tena maji, juu na chini ya kiwanda, maabara ile ile.

Wasipotii, rudi kortini na ombi la kudharau mahakama. Sheria ya ELC, kifungu cha 29, inasema anayekaidi amri yake anaweza kupigwa faini isiyozidi milioni 20 ama kifungo kisichozidi miaka miwili, ama vyote viwili. Kwenye hilo ombi taja majina ya wakurugenzi ama wakuu wa ofisi waliopokea amri, mmoja mmoja, manake kampuni haiwezi kulala jela ya Kamiti lakini mkurugenzi anaweza, na mara nyingi barua ya "tumeanza kutekeleza" inafika kabla hata hiyo tarehe ya kusikizwa haijafika.